NUSU YA SOMO

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Maradhi yangu mimi hayakuwa ya mwili bali ya mkono mrefu. Mhariri alipotangaza gwarideni kwamba kila mwanachama wa Chama cha Kiswahili alete insha juu ya jambo lililomfunza mwaka huu, wenzangu walikimbilia kuandika juu ya ziara ya Mombasa, mashindano ya michezo ya kuigiza, na ile siku upepo ulipong'oa paa la jikoni. Mimi nilikaa siku mbili na kalamu mdomoni. Mwishowe nikapiga moyo konde. Nitaandika juu ya wizi, na mwizi mwenyewe ni mimi.

Wengi wenu mlinijua kwa ile baiskeli nyeusi niliyokuwa nikiifunga chini ya mwembe karibu na lango. Tangu muhula wa pili mmekuwa mkiniona nikija guu mosi guu pili, viatu vimelowa umande, na wengine mmenicheka ati baiskeli imeenda likizo. Leo nitawaeleza ilikokwenda.

Nina mdogo wangu wa miaka tisa. Jina lake la ubatizo lipo, lakini kijiji kizima humwita Kadogo. Alipozaliwa alikuwa mtoto mtulivu kupita kiasi. Hakulia ovyo, alilala mchana na usiku, na majirani wakampongeza Mama kwa kujaliwa malaika. Miezi ikapita. Watoto wa rika lake wakakaa, wakatambaa, wakasimama dede. Yeye bado amelala tu. Ulimi wake ulikuwa mkubwa, ukichungulia nje ya mdomo. Kitovu kilikuwa kimetokeza. Ngozi yake ilikuwa baridi hata jua likiwa kali, na choo kilikuwa shida, siku tatu au nne bila kwenda. Wengine walisema ni jicho baya. Wengine wakasema ati Mama alikula kitu fulani akiwa mjamzito. Alipofika miaka minne alikuwa bado anabebwa mgongoni kama mtoto anayenyonya. Hapo ndipo daktari mmoja wa watoto alipomtazama mara moja tu, akaagiza damu ipimwe.

Ikaonekana kwamba tezi iitwayo thairoidi, ambayo hukaa mbele ya shingo chini kidogo ya kongomeo, haikuwa ikifanya kazi tangu siku aliyozaliwa. Tezi hiyo hutengeneza homoni iitwayo thairoksini. Bila homoni hiyo mtoto harefuki, ubongo wake haukui ipasavyo, na mwili wake huwa kama jiko ambalo makaa yamefunikwa na majivu. Dawa yake ni rahisi ajabu: kidonge kimoja kidogo cha homoni hiyo hiyo, kila asubuhi kabla ya kula, maisha yake yote.

Wakati huo mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nakumbuka vizuri. Baba alimsimamisha Kadogo kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, akachora alama kwa mkaa juu ya kichwa chake. Mwaka mmoja baadaye, alama mpya ilikuwa sentimita kumi na tatu juu ya ile ya kwanza. Mtoto aliyekuwa akilala kama gunia sasa alikuwa akifukuza kuku uwanjani! Ikawa desturi yetu, kila tarehe mosi ya mwezi tunampima. Daktari hakutuficha kitu. Alisema mwili utafidia mengi, lakini ubongo uliokosa homoni miaka minne ya kwanza hautafidiwa wote. Kadogo yuko Gredi ya Pili na watoto wadogo kuliko yeye, na husoma polepole kwa kufuata maneno kwa kidole. Lakini anasoma.

Sasa nije kwa samaki.

Chini ya shamba letu, karibu na kijito, kuna kidimbwi. Kidimbwi hicho na mimi ni rika moja. Kilichimbwa mwaka wa 2009, wakati serikali ilipoanzisha ule mpango wa kufufua uchumi, vikachimbwa vidimbwi 200 katika kila eneo bunge, maeneo bunge 140 kwa jumla. Kila kimoja kilikuwa na mita mraba 300. Sisi watu wa Kakamega tulivipata vingi. Kama vingine vingi, chetu kilikufa pesa za chakula cha samaki zilipoadimika, tukawaachia vyura. Mwezi wa Mei mwaka jana Baba alikifufua. Alikodi vijana wakang'oa magugu, akaziba mahali palipovuja, akanunua vifaranga 1,000 vya tilapia. Hesabu yake ilikuwa kwamba baada ya miezi minane kila samaki atatosha sahani. Atawauza, alipe pesa zangu za chakula cha mchana hapa shuleni, na zitakazobaki zinunue dawa za Kadogo bila kukopa.

Tuliwalisha pumba za mahindi na mabaki ya ugali. Februari mwaka huu Baba na mimi tuliingia majini na wavu. Lahaula! Samaki walikuwa wengi kama mchanga, lakini hakuna aliyezidi urefu wa kiganja changu. Baba alimwinua mmoja kwa mkia, akamtazama kwa muda mrefu.

"Miezi tisa," akasema. "Hawa ni omena waliovaa koti."

Alicheka, lakini niliona shingo yake ilivyokuwa ikimeza mate. Usiku ule niliwasikia yeye na Mama wakihesabu madeni kwa sauti ya chini.

Wiki hiyo hiyo mwalimu wetu wa Biolojia alitoka kidogo nje ya mada, kama anavyopenda. Alitusimulia kwamba mwaka wa 1912 mtaalamu mmoja aitwaye Gudernatsch aliwalisha viluwiluwi vipande vya tezi ya thairoidi ya mnyama. Haikuchukua siku nyingi wakaota miguu, mikia ikayeyuka, wakawa vyura upesi sana kuliko wenzao. Darasa zima lilinyamaza. Hata wale wa nyuma waliacha kuchora.

"Homoni hii iko kwa chura, iko kwa samaki, iko kwako wewe," Mwalimu akasema. "Ndiyo inayomwamuru kiluwiluwi aache utoto. Lakini..."

Kengele ikalia. Mwalimu akafunga kitabu. "Tutamalizia kesho. Kuna 'lakini' kubwa sana hapo."

Kesho yake sikuwepo. Asubuhi hiyo majina ya wasiomaliza pesa za chakula cha mchana yalisomwa, na langu lilikuwa la tatu. Nikarudi nyumbani na baiskeli yangu, na ile "lakini" nikaikosa.

Njiani akili yangu ilikuwa ikifanya kazi kama cherehani. Kidonge kilimrefusha Kadogo sentimita kumi na tatu kwa mwaka mmoja. Homoni hiyo hiyo iko kwa samaki, Mwalimu mwenyewe amesema. Samaki wetu hawakui. Basi moja ongeza moja ni mbili! Niliona kama Mungu amenifunulia siri ambayo Baba na maafisa wote wa uvuvi hawakuijua.

Chupa ya dawa ilikaa kabatini, nyuma ya sukari. Ilikuwa na vidonge 90, vya miezi mitatu, kila kimoja mikrogramu 100. Chupa yenyewe haikuonyesha ndani, na Mama alikuwa akimimina kimoja tu kila alfajiri bila kuhesabu vilivyobaki. Nilianza na vitatu. Nilivisaga kwa jiwe, nikachanganya na pumba, nikaenda kidimbwini giza likianza kuingia. Samaki walikuja wakigombania chakula, maji yakichemka kwa mikia yao. Kesho yake vitatu tena. Siku kumi, vidonge thelathini. Nilijiambia kwamba Kadogo ameshakua vya kutosha. Nilijiambia kwamba samaki wakinenepa nitamnunulia chupa mbili. Mwizi, msomaji, hakosi cha kujiambia.

Samaki hawakuongezeka hata unene wa ukucha.

Chupa iliisha mwezi mzima kabla ya tarehe ya kliniki. Mama aliipindua juu ya kiganja, akaitikisa, akaichungulia kwa jicho moja.

"Kwani nilikuwa nikimpa viwili?" akajiuliza. "Ama walinipunguzia?"

Alitembea mpaka famasi aliyonunua. Yule msichana wa kuuza alishikilia kwamba alihesabu 90, na mwenye duka akaanza kumgombeza mbele ya watu. Mama alirudi akisema msichana alikuwa akilia, na kwamba huenda kosa ni lake yeye, siku hizi akili yake imechoka. Nami nilikuwa nimeketi hapo hapo nikimenya viazi. Sikuinua uso.

Pesa za kununua chupa nyingine hazikuwepo. Wiki ya kwanza Kadogo hakubadilika, nikapumua. Sikujua kwamba homoni hiyo hukaa damuni siku nyingi, ikipungua nusu kwa muda wa kama juma moja. Wiki ya pili alianza kuvaa sweta mchana. Wiki ya tatu uso ulikuwa umevimba kidogo chini ya macho, sauti imekwaruza kama ya mzee, choo kimekuwa shida tena. Mwalimu wake wa Gredi ya Pili alimtuma na barua: mtoto analala darasani, na maneno aliyokuwa ameyajua anayasahau. Mama aliisoma barua ile mara mbili, akaikunja, akaifunga kwenye ncha ya leso yake.

Tarehe mosi Aprili ilikuwa siku ya kupima. Kadogo alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni, akakaza mgongo.

"Kaka, nipime."

Nikamwekea kitabu kichwani. Alama ilikuwa pale pale pa Machi. Nilitaka kumdanganya, nikasogeza mkaa juu kidogo. Akageuka akaniangalia na yale macho yake mazito ya usingizi.

"Samaki nao wamepona?" akauliza.

"Samaki gani?"

"Nilikuona ukiwapelekea dawa yangu. Sikumwambia Mama. Nilijua wao pia ni wagonjwa kama mimi."

Msomaji, nimewahi kuchapwa, nimewahi kufukuzwa shule kwa ajili ya pesa, lakini sijawahi kusikia kitu kilichonichoma namna hiyo. Mtoto huyu alikuwa ameona dawa yake ikichukuliwa, akanyamaza, kwa sababu alifikiri kuna anayeihitaji kama yeye. Machozi yalinitoka njia mbili mbili. Nilimwacha pale mlangoni nikaenda moja kwa moja alikokuwa Mama akichagua maharagwe, nikamweleza yote, kuanzia kidonge cha kwanza hadi cha thelathini.

Mama hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliendelea kuchagua maharagwe kwa muda, akitupa mabovu pembeni. Kisha akasema, "Na yule msichana wa famasi?"

Nilikuwa nimemsahau kabisa.

Jioni Baba alipojua, nilimwambia auze baiskeli. Alikataa, akasema utatembea kilomita saba? Nikasema nitatembea. Iliuzwa Jumamosi sokoni, na siku hiyo hiyo tukanunua chupa ya vidonge 90. Mimi ndiye niliyeingia famasi, nikamsimulia mwenye duka mbele ya wateja, nikamwomba yule msichana msamaha. Alinitazama tu. Halafu akahesabu vidonge mbele yangu, kimoja kimoja, kwa sauti, mpaka tisini.

Shule zilipofunguliwa muhula wa pili nilikwenda majilisi kumwona mwalimu wa Biolojia. Nilitaka kujua ile "lakini". Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Kijana, ulisikia nusu ya somo," akasema. "Nusu ya somo ni hatari kuliko kutosoma."

Kisha akanimalizia. Wale viluwiluwi wa 1912 waliharakisha kuwa vyura, ndiyo, lakini walikuwa vyura wadogo ajabu. Walipata umbo la utu uzima kabla ya kupata kimo chake. Homoni iliwabadilisha kabla hawajakua. Thairoksini si mbolea, akasema, ambayo ukizidisha mahindi yanazidi. Ni kama kondakta wa matatu: anasema sasa simama, sasa twende, sasa shusha huyu. Kondakta akikosekana gari halijui la kufanya. Lakini kuongeza makondakta kumi hakuongezi petroli hata tone.

Aliniambia nimletee samaki mmoja wa kidimbwi. Nilimleta, akampasua mezani katika maabara, wanachama wenzangu wawili wakiwapo. "Tafuta tezi yake ya thairoidi," akasema. Tulitafuta shingoni tukakosa. Akacheka. Kwa samaki wengi wenye mifupa, tezi hiyo si donge moja kama yetu. Ni vifuko vidogo sana vilivyotawanyika chini ya koo, kandokando ya mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni kuipeleka kwenye mashavu. Kwa macho haionekani, lakini kwa darubini vifuko vipo, na kazi vinafanya. Samaki wa Baba hawakuwa na maradhi ya Kadogo.

"Basi mbona hawakui?" nikauliza.

Hapo akachora ubaoni. Thairoksini ina chembe nne za ayodini. Mwili huimega moja, ikabaki homoni ya chembe tatu, na hiyo ndiyo yenye nguvu zaidi. Homoni hii hushirikiana na homoni ya ukuaji inayotoka kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo, na zote mbili huhitaji chakula cha kujengea nyama. Samaki akishinda njaa, mwili wake hupunguza ule umegaji, ili asiunguze kidogo alicho nacho. Yaani ni njaa iliyoshusha homoni, wala si homoni iliyoleta udogo. Mimi nilikuwa nikimsukuma mtu mwenye njaa akimbie.

Akaongeza kwamba wataalamu hawakupuuza jambo hilo. Mayai ya samaki hubeba homoni hii kutoka kwa mama, na tangu miaka ya 1980 majaribio yameonyesha kwamba watoto wachanga wa tilapia wakiogeshwa katika kipimo kidogo cha thairoksini hukomaa upesi na wengi zaidi huishi. Kipimo kikizidi, huota viungo vilivyopinda. Hayo ni mambo ya siku za kwanza za uhai, ndani ya maabara, kwa kipimo. Kidimbwi chetu kina maji ya kama lita 300,000. Nilitia miligramu tatu kwa jumla. Hata kama kila chembe ingeliwa bila kuyeyuka, kila samaki angepata mikrogramu moja hivi kwa siku zote kumi. Kadogo huhitaji 100 kwa siku moja.

Hesabu hiyo niliiandika kwenye jalada la daftari langu, na bado ipo.

Siku hiyo Mwalimu alinisimulia pia kisa ambacho ningependa kila mmoja wenu akijue. Karibu na mwaka wa 1910, huko Pennsylvania nchini Marekani, samaki aina ya trauti waliokuwa wakifugwa walianza kuota uvimbe mkubwa kooni. Wakubwa wa sayansi walisema ni saratani. Daktari kijana aitwaye David Marine akasema hapana, hilo ni rovu, lile lile linalowatoka watu shingoni, na sababu ni kukosa ayodini. Alitia ayodini kidogo majini, uvimbe ukapungua. Alipowalisha samaki wa baharini badala ya maini, ukapungua vile vile, kwa kuwa bahari ina ayodini. Kutoka kwa samaki akaenda kwa watu. Mwaka wa 1917, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, yeye na mwenzake Kimball walianza kuwapa wasichana wa shule ayodini. Kati ya wasichana 2,190 walioimeza, ni watano tu waliovimba shingo. Kati ya 2,305 ambao hawakuimeza, walivimba 495. Ndiyo maana leo pakiti ya chumvi unayonunua dukani imeandikwa kwamba imetiwa ayodini. Marehemu nyanya yangu alikuwa na rovu la ukubwa wa chungwa, na mpaka anazikwa tuliamini ni la ukoo.

"Umeona?" Mwalimu akasema. "Marine aliwapa waliopungukiwa. Wewe ulimnyang'anya aliyepungukiwa ukawapa wasiopungukiwa. Dawa ni ile ile."

Sikuwa na la kujibu.

Ugonjwa halisi wa kidimbwi chetu uliambiwa na afisa wa uvuvi wa kaunti kwa muda wa dakika tano. Tilapia huanza kuzaa akiwa na miezi miwili au mitatu tu, na huzaa tena na tena. Jike hubeba mayai na watoto mdomoni, na wakati huo hali, kwa hiyo hakui. Vifaranga 1,000 wa Baba walikuwa wameleta watoto, na watoto wakaleta wajukuu, wote wakigombania debe lile lile la pumba. Tulipokausha maji tulihesabu zaidi ya 3,000 tukachoka. Tuliwakaanga wadogo, tukawagawia majirani, na wengine tukawaanika.

Afisa alitufunza kutenganisha dume na jike kwa kumgeuza samaki chali: dume ana matundu mawili chini ya tumbo, jike ana matatu. Dume hukua upesi kuliko jike. Tulijaza kidimbwi upya mwezi wa Mei kwa madume 600, tukatia kambare wachache wa kula vifaranga vitakavyoponyoka, kwani mkono wa mtu hukosea. Chakula nacho tukakiboresha kwa kuchanganya pumba na omena waliosagwa. Mwezi uliopita, Oktoba, tulivua wa kwanza. Si nyangumi, lakini mmoja anajaza sahani, na mkia unaning'inia ukingoni. Pesa za chakula cha mchana za muhula huu zimelipwa. Baiskeli bado.

Na Kadogo? Baada ya wiki sita za dawa uvimbe wa uso uliisha na sweta likarudi sandukuni. Maneno aliyosahau ameyarudia karibu yote, tukisoma pamoja jioni kwa kidole. Alama ya mkaa imeanza kupanda tena. Ile niliyoidanganya ya Aprili niliifuta mbele yake. Dawa sasa hutolewa na mimi. Jogoo la kwanza likiwika naamka, namimina kidonge kimoja, nampa na kikombe cha maji, naweka alama kwenye kalenda, ndipo naanza safari ya kuja shuleni. Mama aliniachia kazi hiyo bila kusema neno.

Ndugu zangu wanafunzi, sina mahubiri marefu. Mna wadogo zenu nyumbani, na wengine mtakuwa wazazi siku moja. Mtoto mchanga asiyelia, anayelala mno, mwenye ulimi mkubwa na mwili baridi, msimpongeze kwa utulivu. Mpelekeni akapimwe damu. Huko Quebec nchini Kanada, tangu 1974 watoto wachanga wamekuwa wakipimwa kwa tone la damu siku za kwanza za maisha, kwa sababu maradhi haya humpata mtoto mmoja kati ya kila 2,000 hadi 4,000. Anayeanzishiwa dawa katika wiki za mwanzo hukua kimo na akili kama wenzake. Kadogo alichelewa miaka minne. Mimi nikamwongezea mwezi.

Na mtu akiwa darasani mwenu anasoma polepole kwa kidole, msimcheke. Hamjui alianzia wapi.

Asubuhi ya leo, nikiwa navaa viatu, Kadogo ameniuliza kama samaki wapya ni wagonjwa. Nimemwambia hapana, wao ni wazima.

"Basi vidonge ni vyangu peke yangu," akasema.

Nikamwambia ndiyo. Ni vyako peke yako.